Dada Yetu na Karatasi Zake za Filamu

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliosimama juani pamoja na familia asubuhi hii, haya ndiyo maisha ya dada yetu, yameandikwa na wanafamilia wakisaidiana, na yanasomwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye ametajwa humu zaidi ya mara moja, si kwa sifa kila mara, naye ameomba yasomwe hivyohivyo yalivyo.

Dada yetu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba aliyekuwa seremala wa mabehewa na mama aliyeshona mapazia. Mara moja kwa mwezi ukumbi wa karakana ulionyesha filamu kwenye kitambaa cheupe, watu wazima wakikaa mbele yake kwenye mabenchi, na watoto wakiruhusiwa kukaa nyuma ya kitambaa, ambako picha ilionekana vizuri ila maandishi yote yaligeuka nyuma mbele, na huko ndiko dada yetu alikoangalia filamu yake ya kwanza akiwa na miaka saba. Kesho yake alimwambia mama, "Yule mwanamume alikuwa mwongo tangu alipoingia, mtu gani anaposa hajavua kofia?" Mama aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni, akicheka kila mara kama ndiyo kwanza anaisikia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari hadi alipohitimu kidato cha nne mwaka 1975, akiwa mzuri sana katika lugha na mbovu kabisa katika hesabu. Alipokuwa kidato cha pili walipewa insha juu ya siku wasiyoisahau, naye akajaza kurasa tano kuhusu filamu, mwalimu akaandika chini kwa wino mwekundu kwamba insha ni nzuri lakini siku hiyo si yake, ni ya watu wengine. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha uchapaji na hati mkato, akamaliza Novemba mwaka huohuo, akiwa na kasi ya maneno sitini kwa dakika bila kutazama vidole.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa kuwa karani mchapaji katika ofisi ya maji, akakaa hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Machi 2013, miaka thelathini na sita na ushee kwenye meza moja karibu na dirisha linalotazama matangi. Yeye ndiye aliyechapa kila tangazo la maji kukatika katika mitaa hii, barua za mabosi tisa waliopita, hotuba za kuwaaga na hotuba za kuwapokea wenzao, na wenzake waliofika hapa leo watakumbuka kwamba bosi akikosea sarufi aliisahihisha kimyakimya, na bosi akija juu alimjibu tu, "Samahani mzee, kidole kiliteleza." Siku ya kuagwa aliulizwa anataka zawadi gani, akaomba taipureta yake kuukuu, wakamcheka, wakampa.

Kuhusu ndoa, alikutana na mumewe mwezi Juni mwaka 1981 ndani ya jumba la sinema la zamani, lile ambalo sasa ni bohari ya matairi, katika onyesho la saa kumi jioni. Kijana mmoja dereva wa malori ya masafa marefu alikuwa amekaa nyuma yake anakoroma, dada yetu akageuka akamwambia, "Kaka, kama umekuja kulala si ungebaki kwenu?" Yule kijana akafumbua macho akauliza, "Imefikia wapi?" Dada yetu akamweleza, akamweleza tena walipotoka nje, akaendelea kumweleza mpaka kituo cha basi, na walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1983. Shemeji yetu hakuwahi kumaliza filamu hata moja akiwa macho, uchovu wa barabara ulikuwa mwingi, lakini kila walipotoka alikuwa akiuliza, "Ikawaje?", na dada yetu alikuwa na njia nzima ya kumweleza, nani alicheza vizuri, nani alilia machozi ya uongo, nani hakustahili kufa. Waliotembea nao wanasema masimulizi yake yalizidi filamu zenyewe.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza ni wa kiume, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1985, ambaye ni fundi wa mitambo ya barafu katika nchi ya mbali tangu mwaka 2009, hakupata ruhusa ya kusafiri, na anasikiliza sasa hivi kupitia simu iliyoshikwa na binamu yake pale mstari wa mbele. Wa pili alikuwa wa kike, aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 1988, akaishi siku tisa.

Tarehe 19 Mei 1998 shemeji yetu alifariki kwa shinikizo la damu, akiwa amekaa ndani ya lori lililoegeshwa, injini imezimwa vizuri na breki imevutwa. Baada ya hapo dada yetu aliendelea kwenda sinema peke yake, na mwaka 2004 jumba lilipofungwa akanunua deki, akawa anaangalia nyumbani, sebuleni kwenye kochi la watu watatu ambalo upande mmoja ulikuwa umebonyea na pande mbili zilikuwa mpya. Hakuolewa na huzuni, tusimsingizie, alikuwa mcheshi, alipika, alifagia, alisalimia watu. Ila alikuwa akitoka kuangalia filamu akiwa na maneno tele mdomoni, na nyumbani hapakuwa na wa kuuliza ikawaje.

Mwezi Desemba mwaka 2017 mpwa wake alimwingiza katika kundi la familia la kwenye simu, na wiki hiyohiyo akaanza kutuandikia maoni. Wakati huo jumba jipya la sinema lilikuwa limefunguliwa katika jengo la maduka, akawa anakwenda kila Jumatano saa nane mchana, wakati viti vingi havina watu, na siku nyingine anaangalia nyumbani, na kila filamu aliyoiona aliileta kwetu. Familia imeona vema kusoma machache. Kuhusu filamu ya polisi aliyepigwa kichwani aliandika, "Kasahau jina la mke wake, lakini kurusha mateke hajasahau, mnisamehe, mimi hiyo haimezeki." Kuhusu ya mapenzi ya ndani ya treni aliandika, "Wamejuana kituo cha kwanza, kituo cha nne wanavishana pete, sisi wengine tumesafiri miaka yote na hata wa kutushikia begi hatukumpata." Kuhusu ya kutisha aliandika, "Jini sijaliogopa, nimeogopa yule mama anavyokaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba kumi na mlango haufungi." Na kuhusu ya majirani wawili wanaogombania ukuta aliandika, "Hii nendeni, wamecheza kama watu, hawajacheza kama waigizaji."

Yalikuwa maoni themanini na sita kwa jumla, na tumerudi kuyahesabu juzi. Chini ya kila moja hapakuwa na jibu, isipokuwa mara mbili mpwa wake alipoweka kidole gumba. Jumapili ya tarehe 11 Agosti 2019, mdogo wake anayewasomea hapa alimwandikia mbele ya watu wote, "Dada, hili kundi ni la misiba na harusi, hizo sinema zako zinajaza simu za watu." Naye akajibu baada ya muda mfupi, "Sawa, mdogo wangu, nimekuelewa." Tangu siku hiyo hakuandika tena kundini ila pole na hongera, sisi tukadhani ameacha mambo ya filamu, na hakuna aliyemuuliza.

Hakuwa ameacha. Tumeyajua haya siku ya tatu ya msiba, alipofika nyumbani mtu tusiyemjua, mwenye kibanda cha kukodisha na kurekodi filamu mtaa wa pili kutoka kwa marehemu, amebeba boksi la viatu, akauliza kwa adabu hapa ndipo kwa Mama Maoni. Tukamwambia amekosea nyumba. Akafungua boksi, tukaona hati ya ile taipureta, herufi ya "e" iliyozibwa na wino na zile nafasi mbili baada ya kila nukta kama walivyofundishwa chuoni, ikabidi tumkaribishe kiti.

Alitueleza kwamba mwezi Septemba mwaka 2019 dada yetu alipeleka kibandani karatasi moja iliyochapwa, akamwambia, "Baba, wateja wako wanachagua filamu kwa kuangalia picha ya kasha, watadanganywa, wabandikie hii." Akaibandika ukutani, wiki iliyofuata ikaja nyingine, na baada ya miezi michache watu walikuwa wakisimama kusoma kabla ya kuchagua, wanabishana, wengine wanachukua kalamu na kujibu palepale chini ya karatasi. Mtu mmoja aliandika, "Mama, ile ya mwanajeshi umeionea," na wiki mbili baadaye ikaletwa karatasi mpya, "Nimeirudia, ni kweli niliionea, lakini zile dakika arobaini za mwanzo ni mbovu na zitabaki kuwa mbovu." Kinyozi wa jirani aliapa kutoangalia kitu ambacho Mama Maoni hajakipitisha. Fundi cherehani mmoja alimkasirikia mwezi mzima kwa sababu ya filamu moja ya mapenzi, kisha akarudi kuandika, "Nimeachwa, sasa nimekuelewa." Karatasi hizo zilifika mia mbili na kumi na nne, na hakuna hata msomaji mmoja aliyemjua kwa sura, maana alizileta asubuhi kibanda kikiwa kitupu. Mwenye kibanda alipomsihi aje siku moja akutane na wasomaji wake, alikataa, akasema, "Waache wabishane na karatasi, wakiniona watanionea huruma."

Kuhusu ugonjwa, dada yetu alianza kubanwa na pumzi mwezi Februari mwaka 2023, vipimo vikaonyesha moyo umepanuka, akatumia dawa bila kukosa, ila kuanzia Juni mwaka huu wa 2024 ngazi za jumba la sinema zilimshinda, na tarehe 3 Septemba alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Ndugu walikwenda kumwona kwa zamu. Alasiri ya tarehe 17, mdogo wake anayewasomea alikaa naye, akamweleza habari za bomba la jikoni kwake na ada za watoto, dada akasikiliza yote, kisha akasema, "Kuna filamu nimeanza kuiangalia hapa, ya ndugu wawili na mashua waliyoachiwa na baba yao, hebu nikueleze." Alikuwa amefika pale ndugu mkubwa anapoficha kasia, simu ikaita, mdogo wake akanyanyua kidole kuomba dakika moja, akatoka kwenye korido, ikawa ishirini. Aliporudi alimkuta dada amefumba macho, akaondoka kwa kunyata asimwamshe. Muuguzi wa wodi ametuambia baadaye kwamba hakuwa amelala.

Ni muuguzi huyo aliyekuwa akimwonyesha filamu hiyo kwenye simu yake, wakati wa mapumziko yake ya chai, kipande kwa kipande kwa siku nne, na walipoimaliza tarehe 19 alimwandikia maoni kwa mkono kwenye mgongo wa karatasi ya kuandikia joto la mgonjwa, jinsi yalivyotamkwa. Yanasema, "Filamu ndefu, sauti ndogo, kioo kidogo kama kiganja, yule ndugu mdogo amecheza vizuri kuliko wote, lakini tumeiangalia wawili." Dada yetu alifariki siku ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Jana mchana mdogo wake alikodi filamu hiyo pale kibandani, akaiangalia mwanzo hadi mwisho kwenye kochi la dada yake, upande usiobonyea. Ni kweli yule ndugu mdogo amecheza vizuri. Ilipokwisha alikuwa na mengi ya kusema, akainuka, akazunguka nyumba nzima, akarudi akakaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, na hasa muuguzi aliyetoa mapumziko yake ya chai, inawashukuru majirani waliobeba viti na maji tangu siku ya kwanza, inaushukuru uongozi na wastaafu wa ofisi ya maji, inamshukuru binti mkata tiketi wa jumba la sinema, aliyempigia marehemu simu kumuuliza hali yake alipokosekana Jumatano mbili. Inamshukuru mwenye kibanda kwa kuitunza kila karatasi. Na kwenu wasomaji wake, kinyozi, fundi cherehani, na wengine mliojipanga pale nyuma mkidhani hamna haki ya kusogea, familia inawaomba mpite mbele kabla jeneza halijashushwa, picha yake ni ile iliyo juu ya meza, ndiye huyo mliyekuwa mkibishana naye, mwangalieni, na mwenye neno juu ya filamu yoyote amwambie, sisi tutasubiri.

Dada yetu, pumzika, amani ikukae pande zote.