Pete ya Utepe ya Solo

Mimi kazi yangu kumimina kahawa, na benchi lililo mbele ya duka la mshonaji ndilo ofisi yangu. Watu wananunua kikombe kimoja, wanaongea maneno ya vikombe kumi. Mchana ule Solo, mpiga gitaa, alitujia na mashine yake ya mwangwi kwapani, uso umemshuka. Ndani ya mashine ile mna utepe kama wa kaseti, ila mpana zaidi, umeungwa ukawa pete. Unazunguka; ukipiga noti, unaidaka na kukurudishia mara tatu, nne. Sasa pete imechakaa, na kiongozi wa bendi kashasema: leo jioni mwangwi ukikatika tena jukwaani, Solo atafute kazi nyingine. Utepe mzima uliobaki ulikuwa kipande kimoja tu.

— Kwani huo wa zamani umeugua nini? aliuliza Sindano, mshonaji mwenyewe.

— Umepukutika, alisema Solo. Unga wake wote umeganda kwenye vichwa vya mashine, vile vinavyosoma sauti. Nikipiga, sauti inarudi ina mafua.

— Si ungevisafisha hivyo vichwa?

— Kwa spiriti, kila wiki! Nimefanya yote, ndugu yangu.

— Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

Huyo ni Hakimu, seremala. Jina tulimpa kwa kuhukumu kesi zisizomhusu. Methali haikuhusu kitu, lakini aliitoa kwa sauti nzuri, tukaitikia.

— Tatizo lako, Solo, unapiga nyimbo za majonzi mno, aliendelea. Utepe unalia. Kinacholia kinalowa, kinacholowa kinaoza.

— Toka hapa! alisema Sindano. Utepe ni kama kitambaa. Huu mpya uuloweke kwanza, urudi upungue, ndipo uukate.

— Uuloweke? Utauua! alisema Hakimu. Utepe mpya ulazwe chini ya mto wa mpigaji, uzoee ndoto zake.

— Na akiota anafukuzwa na mbwa?

— Basi bendi itacheza mbio. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Jamani! Solo alipiga paja. Mimi nina watoto. Nataka kuungiwa utepe, basi. Ukatwe mshazari, maana ukikatwa wima, kiungo kikipita kwenye kichwa kinagonga, tak! Na usipunguzwe hata unywele. Ukipungua, haufiki kwenye magurudumu.

Sindano akasimama kama aliyeitwa jina.

— Mshazari? Kumbe tunaongea lugha moja! Lete hapa. Mimi lastiki za viuno vya watu wazima nimeunga maisha yangu yote, hujasikia iliyomwachia mtu barabarani.

Akapitisha utepe chini ya mkono wa benchi, ule wa kuegemeza kiwiko, akauzungusha juu, ncha zikakutana. Ndivyo anavyofanya na lastiki, ivutike isijikunje. Hakimu akashika huku, Solo akashika kule, mimi nikazuia upepo kwa sinia. Mkasi ukapita mshazari, chwa. Sindano akabandika kipande cha mwisho cha gundi alichokuja nacho Solo, upande wa mgongo wa utepe, akaisugua kwa ukucha.

— Pitisha kidole.

Solo alipitisha. Akapitisha tena.

— Sikisikii kiungo! Wallahi, sikisikii!

Tulishangilia mpaka kahawa ikamwagika. Mimi mwenyewe nilifurahi kuliko siku niliyopata wajukuu mapacha, Mungu anisamehe. Hapo akafika mke wa Solo, kabeba gitaa.

— Karibu, shemeji! Mumeo kapona!

— Ahsanteni, mashemeji. Gari la bendi linapiga honi kule. 

Akainama kuutazama utepe, akaushika mkono wa benchi, akautikisa. Haukutikisika; umegongomewa misumari mbele na nyuma. 

— Sasa huu utepe mnautoaje hapa?

Sindano alitazama mkasi wake, akauficha mfukoni. Kukata tena ni kupunguza, na gundi imekwisha. Solo alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya jukwaani.

Hakimu alilitazama benchi. Alilichonga mwenyewe, kwa mbao za kitanda alicholala marehemu mama yake, na hakuna mtoto aliyethubutu kulichora hata kwa msumari. Akavuka barabara hadi karakana yake, akarudi na msumeno.

— Shemeji, alisema, ushikilie utepe mbali na meno.