Mzee Eustache na Picha ya Nne

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Mzee Eustache anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja katika kituo chetu cha anga. Mimi nimetoka mji wa Ngozi, ng'ambo ya mpaka, miaka saba sasa, kwanza kubeba saruji ya jengo hili jipya, kisha kulifagia. Nimeombwa maneno ya furaha. Nitajaribu, lakini nina hasira.

Alianza hospitalini, akisoma eksirei za mifupa. Kituo kilimchukua kwa macho yake. Huku alipewa mabaki ya nyota iliyolipuka miaka mia chache tu iliyopita, wingu la gesi ya moto ambalo bado linatanuka. Darubini iliyo nje ya dunia hulipiga picha ya eksirei kila baada ya miaka kadhaa, naye hupima ukingo wake umesogea kiasi gani. Alinieleza hayo nikipiga deki, akachora duara kwa kidole kwenye sakafu yangu iliyolowa. Nilimsamehe.

Mwaka jana madaktari wetu vijana, wa shahada si wa dawa, walitangaza kwamba ukingo wa mashariki umepunguza mwendo. Keki ikakatwa. Mzee alitazama picha, akacheka mpaka akavua miwani. Walikuwa wamezipanga picha tatu kwa kufuata katikati ya wingu lenyewe, nalo linasogea!

"Wewe mjenzi," akaniuliza mbele yao, "kamba ya kupimia ukuta unaifunga kwenye mbuzi?"

"Hapana, Mzee. Kwenye kigingi."

Vigingi vyake ni nyota za mbali zilizo nyuma ya wingu. Alipima upya kwa kuzifuata hizo: ukingo unakimbia kama zamani. Daktari Cécile, aliyekosea, alimshukuru. Mkurugenzi Mugenzi alisema fundi wa picha hasahihishi madaktari.

Picha ya nne, ya kumaliza ubishi, inafika Agosti. Mzee aliomba wiki sita tu za kuingoja. Akakataliwa, eti umri ni umri, na leo anapewa saa ya ukutani. Ni aibu, na ninaiandika hapa katika jarida letu ili isomwe.

Ijumaa Cécile alimwambia mkurugenzi kwamba matokeo asiyoyapima Mzee, yeye hatayatia sahihi. Mkurugenzi alinyamaza, na ukimya wake tumeuhesabu kuwa ruhusa.

Asante, Mzee, kwa kazi safi na kwa kutudharau pale tulipostahili. Upumzike vizuri nyumbani kwako Batsinda, magoti yapone, wajukuu wakuchoshe. Lakini usizoee kulala mchana.

Wengine wote mjue: anarudi Jumatatu, tarehe 11 Agosti, saa mbili asubuhi.