Maua ya kaburi la mama Tshibola

Kwenye kona ya barabara iendayo Nzilo, hapa Kolwezi, kuna ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na hapo ndipo wazee watatu humaliza mambo yote ya dunia kila asubuhi kwa kahawa ya Honorine. Kabeya wanamwita Satelite, kwa kuwa kwake kila jambo linatoka juu. Lukusa ni Maître: aliwahi kuwa shahidi mahakamani siku tatu, na tangu hapo ni wakili. Symphorien ni Laboratoire, maana aliwabebea wapima madini mifuko ya udongo miaka ishirini, nao walipoondoka hawakumwachia kitu ila hilo jina. Jumanne hiyo Honorine alirudi baada ya kutoonekana siku mbili. Alimimina kahawa bila kusalimia, ikamwagikia vidole vya Maître, wala hakusema pole.

Kisa walikijua. Kijiwe kina kikundi chake cha WhatsApp, na kila alfajiri ni picha: Satelite na mawingu yake, Maître na maji ya Nzilo. Picha moja huamsha kumbukumbu za watu kumi, kahawa inapoa. Wiki iliyopita Honorine naye alituma ya kwake. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mbingu imetakata, na juu ya kaburi la mama yake, Tshibola, vimaua vya zambarau vimejiotea vyenyewe mpaka msalaba umebaki kichwa tu. Aliipiga kwa ajili ya mama yake mdogo aliye Kisenge, ambaye hakuwahi mazishi. Watu wakalia nayo. Maître aliandika jinsi marehemu alivyomvulia sapato ya mguuni na kumchapa utotoni, kwa kuiba mahindi mawili tu. Jumapili baada ya misa Honorine alikwenda kusali pale, akakuta shimo lenye kina cha nyumba, na vijana ndani yake wakipandisha mifuko ya mawe. Makaburi matano yalikuwa yamekwenda.

— Nani alitosha ile foto mu groupe, akaipeleka kwa bachimbaji? aliuliza sasa, birika mkononi. Mi nataka jina tu.

Satelite alisema hakuna mtu. Foto yoyote, alieleza, hupanda kwanza juu kabla ya kumshukia mwenzako, na huko juu kuna jicho linalosoma udongo kama daktari anavyosoma damu. Maître akamkatiza kwa hasira. Aliona aibu kumsikiliza mtu mzima akisema hivyo, kisha akasema lililozidi.

— Cobalt ya betri ya hii telefone ilitoka wapi? Haiko hapa? Basi inajua kwabo. Mama Honorine aliiinamisha karibu na udongo ya kwabo, ikaita.

— Ikaita nani? Satelite aliuliza.

— Bandugu yake.

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Satelite alipiga ubao kwa kiganja, Maître akamwita mjinga, na Symphorien akapaza sauti kuliko wote wawili. Alisema maua yale yalipandwa. Wanunuzi wa mawe wana ndege ndogo zisizo na rubani, zinamwaga mbegu juu ya makaburi ili wachimbaji wadanganyike. Alisema hivyo akimkazia macho Maître, kwa sababu kumtazama Honorine hakuweza.

Alijua anasema uongo. Maua yale aliyajua tangu ujana. Wapima madini walikuwa wakimtuma ayatafute. Yanapojaa yenyewe na majani mengine yakakataa kuota, chini kuna shaba. Alipoiona ile picha moyo ulimruka, akamtumia mpwa wake Gracien, mchimbaji, na maneno juu yake: makaburi ya zamani, ng'ambo ya reli, ona maua. Alitaka kijana aseme kwamba tonton, mjomba wake, anajua. Miaka kumi na moja hakuna aliyemuuliza kitu chochote. Hilo ndilo lililomponza, na sasa alijichukia kwa jambo dogo namna hiyo.

Pikipiki ya abiria ilisimama. Alishuka mama mmoja mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkononi ana picha iliyochapishwa na kutiwa plastiki. Alikuwa Mushiya, mdogo wake Tshibola, siku nne njiani kutoka Kisenge juu ya lori la mkaa. Alimkumbatia Honorine, akawageukia wazee, akawaamkia kama baba zake, akawanyooshea picha.

— Batata, jambo yenu. Munionyeshe fasi ya hii kaburi. Yaya yangu Tshibola iko hapa.

Honorine aliweka birika chini.

— Mumujibu, alisema. Kila siku munasemaka. Leo musemeko.

Maître alikitazama kiatu chake. Satelite, kwa mara ya kwanza, hakutazama juu. Symphorien alisimama, kofia akaivua.

— Mama, ile fasi balichimba. Ni mi. Mi njo nilitumia mutoto ya dada yangu ile foto, na mi njo nilimuambia ile maua inaonyesha nini.

Honorine alipandisha mkono kumpiga. Mushiya akaushika, kwa upole, bila kumwondolea Symphorien macho.

— Tata, siulizi nani alisema. Balichimba, nimesikia. Na yaya yangu, balimuweka wapi?

Honorine akakaa kwenye ubao, pale ambapo hakuwahi kukaa. Siku mbili nzima alikuwa akisaka jina, na swali hilo hakuwa amemuuliza mtu. Symphorien alitoa simu, akampigia Gracien, akaweka sauti juu ili wote wasikie. Nyundo zililia kwanza, kisha kijana akaitika kwa furaha, tonton, tonton, maua yako haikudanganya.

— Gracien, ule mama wa kaburi ya maua. Mulimuweka wapi?

Nyundo ziliendelea. Kijana alikuwa akifikiri kweli. Walimsikia akimuuliza mwenzake.

— Mama gani, tonton?

Symphorien alibaki na simu mkononi, haikuzimwa. Honorine alikusanya vikombe, akamwaga kahawa yote barabarani.