Mpira wa Meza Ulivyonitoa Kitini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye nguvu, asifiwe na sisi pia tuliopanda kilima cha kanisa leo tukipumzika kila penye kivuli. Mimi ni Mama Aloyce wa Masama. Mnivumilie, pumzi yangu ni fupi.

Ndugu zangu, wengi mnajua nilivyokuwa. Mume wangu alitangulia. Bei ya kahawa ikaanguka, na watoto wakashuka mmoja mmoja kwenda kutafuta maisha. Hata Aloyce, kitinda mimba wangu, ambaye kwa mila yetu ndiye wa kubaki kihambani, kwenye shamba na makazi ya ukoo, akaenda Dar es Salaam kuuza mitumba. Nikabaki na migomba, ng'ombe na kaburi la mzee. Kisha, msimu wa mvua, nikateleza penye mfereji nikavunjika nyonga.

Kule Moshi hospitalini walinitibu, namshukuru Mungu. Mfupa ukaunga, lakini woga ukabaki. Daktari aliniagiza nitembee kila siku. Nani angeniruhusu? Mnaijua heshima yetu! Majirani walileta mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, kana kwamba mimi ni mzazi aliyejifungua jana. Nikigusa ufagio, wananinyang'anya. "Kaa, mama, pumzika!" Nikakaa. Nilikaa mpaka miguu ikasahau kazi yake. Usiku sipati usingizi, mchana nasinzia. Majina ya wajukuu yakaanza kunipotea, nikawa nalia peke yangu. Ndugu zangu, nilichoka kuliko zamani nilipokuwa nabeba ndizi kichwani hadi soko la Kwa Sadala. Kukaa kunachosha, nawaambia!

Ndipo Aloyce akatuma salamu: akija Krismasi nifunge virago, twende naye Dar, nyumba ifungwe. Nia yake ilikuwa njema. Mimi nilisikia kama nimeambiwa nizikwe. Moshi wa jiko ukikoma kihambani, nani atafagia kaburi la baba yake? Nikamlilia Mungu: Baba, niachie miguu tu.

Jibu lilikuja na Mwalimu Veneranda, mstaafu, rika langu na mjane kama mimi. Hakuleta mtori. Alisema, "Mama Aloyce, ukumbini kwa Padre kuna ile meza ya mpira, imekaa tu tangu wafadhili wailete. Inuka tukacheze."

"Kwa uzee huu?" nikamwuliza.

"Uzee ndio huo huo nilio nao mimi. Vaa viatu."

Ukumbini nilishika kibao kwa mkono mmoja na meza kwa mkono wa pili, nisianguke. Vijana wa kwaya wakaja kucheza na mimi. Wananiamkia shikamoo, halafu wananiletea mpira taratibu, pale pale nilipo. Nikikaribia kushindwa, wanaupiga nje makusudi ili bibi ashinde. Nilishinda kila siku! Na kila siku nilirudi nyumbani vile vile, sijasogea hata hatua. Ilikuwa ni mtori ule ule ndani ya bakuli lingine.

Mwalimu Veneranda akawaondoa. "Mnamlemaza huyu mama kwa adabu zenu," aliwaambia. Akaanza yeye kunipigia mpira konani, kushoto, kulia, bila huruma, huku ananicheka. "Ufuate mwenyewe, Mama Aloyce! Sikuletei kama chai!"

Mae! Nilikasirika, ndugu zangu. Nikaufuata ule mpira kwa hasira, nikaupiga. Kuja kushtuka, niko kona ya pili ya meza, mkono hauna pa kushika, na nimesimama! Mungu ametenda!

Sisemi ilikuwa rahisi. Magoti yaliniuma, nilitamani kuacha. Lakini usingizi ulirudi. Kuhesabu pointi kuliamsha kichwa, na majina ya wajukuu yakarudi. Wazee wengine wakaja, hata mjane wa bondeni ambaye hakuwa ametoka nje tangu msiba. Tunachezeshana, tunataniana, tunaulizana hali.

Krismasi Aloyce alipanda na begi tupu la kufungia vitu vyangu. Hakunikuta nyumbani. Alinikuta ukumbini, akachukua kibao, naye akaanza kunipigia kwa adabu.

"Cheza, mwanangu," nikamwambia. "Ukinihurumia nitajua."

Akacheza kweli. Alinishinda. Nilikuwa nahema, jasho linanitoka, lakini nimesimama. Akaweka kibao mezani, machozi yanamlengalenga. Kisha akasema, "Mama, paa la jiko lako linavuja. Nitakubadilishia bati kabla sijarudi Dar."

Sifa kwa Mungu! Wewe uliyeketishwa kwa upendo, mtumaini Yeye, kisha inuka uje ukumbini. Nawe kijana, mwamkie bibi yako, halafu umpigie mpira wa kweli. Mimi kila jioni nalala nimechoka, ndugu zangu. Lakini nimechokea kwangu.