Benchi Lililoazimwa kwa Siku Moja

Kona yetu iko pale njia ya stasheni inapokutana na njia ya pampu ya maji, mjini Kamina. Mama Bibiche ana meza yake hapo, anauza kawa, ndiyo kahawa, na bitumbula, yale maandazi madogo ya mviringo, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mbele ya meza kuna benchi moja la mbao lenye nafasi ya watu watano wasiogombana. Wanaolikalia kila siku ni wanne. Lumbala alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja. Tunamwita Stasio, na mpaka leo akisikia filimbi yoyote anatazama saa. Mwepu alikuwa karani, na kwake karatasi isiyo na muhuri ni jani tu. Tunamwita Kashe, maana hapa kwetu muhuri ndiyo kashe. Bolingo ni mwanajeshi mstaafu wa kambi, mtu wa Mbandaka; vita vilimleta, na vilipokwisha hakuna aliyemrudisha. Yeye ni Sajini. Wa nne ni mimi. Wananiita Lisansie kwa kuwa nilimaliza chuo kikuu Lubumbashi, na kwa sababu hiyo kalamu huwa inakaa kwangu.

Jumanne hiyo tulikuwa na kazi. Mkuu wa komini, manispaa yetu, alikuwa ametangaza kwamba madaraka sasa yamesogea karibu na watu, na kila mtaa ulete ombi moja, kwa maandishi, kabla ya Alhamisi saa sita. Mtaa wetu ulichagua mabenchi ya kituo cha afya. Kituo hicho kilikuwa na mabenchi manne. Wakati wa vita, watu waliokimbia kutoka upande wa Bukama walilala kwenye veranda yake mvua nzima, wakachoma matatu wapate kupikia watoto uji. Hakuna aliyewalaumu. Lakini tangu hapo wagonjwa wanangojea chini.

Ombi lenyewe halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa: barua iandikwe kwa nani?

– Andikia gavana, Kashe akasema. Mbele ya kukata Katanga mu mikoa ine, barua ilikuwa inaenda Lubumbashi, inapotelea kule. Sasa gavana iko hapa hapa. Ikipotea, inapotelea karibu, tunaiona.

– Haina, Stasio akakataa. Gavana ataituma ku bantu ba afya, bale bataituma ku komini, komini itasema njo mutuandikie. Itakuwa sawa ile mashini ya kupanga mabehewa. Inatembea siku muzima, mangaribi iko pale pale.

Sajini alikunywa kawa yake kwanza, kisha akasema kwa Kiswahili chake chenye Kilingala ndani.

– Wakati ya vita hakukuwa barua te. Koloneli anasema leta, kitu inakuja.

– Ilikuwa inatoka wapi, Sajini? Mama Bibiche akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta. Meza ya mama yangu njo ilienda vile.

Sajini alisogeza kikombe chake kidogo, kama mtu anayempisha mwingine.

Baada ya hapo Stasio akatueleza nadharia yake kwa kirefu. Katanga ilipokatwa kuwa mikoa minne, alisema, wakubwa waligawana magari, ofisi na hata mapazia, lakini orodha ya mabenchi ilisahauliwa Lubumbashi. Kwa hiyo, kisheria, benchi lolote la Kamina bado ni mkazi wa Lubumbashi, na kabla ya kuomba mapya ni lazima tuombe haya ya zamani yahamishiwe rasmi. Sajini naye aliona mbali zaidi. Mbao za mji huu zilipasuliwa kutoka miti ya kambi. Basi mabenchi ni ya jeshi, na barua iende kwa waziri wa ulinzi, Kinshasa, ikieleza kwamba hayo matatu yaliyochomwa yalikufa vitani. Kashe alikataa yote mawili. Alisema tatizo la desantralizasio, huko kusogeza madaraka, ni kwamba wametupa kiti bila miguu: kazi imeshuka, nguvu ya kuifanya imebaki juu. Dawa yake ni sahihi tatu kwenye barua moja.

– Bazee balisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Njo maana kidole kimoja hakiwezi kusaini.

Niliandika walivyosema, nikafuta, nikaandika tena. Ilipofika saa tatu barua ilikuwa na mistari sita, na orodha ya watakaopewa nakala ilikuwa na mistari tisa.

Ni lazima nieleze jambo moja hapa, kwa sababu kila mmoja wetu alilijua na hakuna aliyelitaja. Benchi tulilokalia ndilo la nne. Lilitolewa kituo cha afya miaka mitatu iliyopita, siku ya kuzindua pampu, ili wageni wa mkoa wapate pa kukaa. Lilikuja na karatasi: benchi moja, kuazima kwa siku moja, litarudishwa kwa amri. Karatasi ina muhuri, na Kashe anaihifadhi katika mfuko wa plastiki. Amri haikuja. Sisi tukalitunza. Mvua ikinyesha tunaliingiza chini ya bati la Mama Bibiche. Mwaka jana tulibadilisha mguu mmoja, na Stasio akalipaka vanishi. Tulijiona watu waaminifu.

Mke wangu Éliane alikuwa anaenda kituo hicho kila Jumanne kupimwa presha. Alikuwa anakaa juu ya tofali. Siku moja alinikuta naandika barua ya kwanza kuhusu mabenchi, kwa maana hii ya leo haikuwa ya kwanza, akaniuliza kwa nini tusilibebe tu lile la kona. Nilimwonyesha karatasi, niliyoiomba kwa Kashe: inasema kwa amri. Aliisoma mpaka mwisho. Alikuwa msomaji mzuri.

– Basi andika pia kwamba tofali iko na baridi, akasema.

Alicheka, nami nikacheka. Sikuandika. Éliane alifariki mwezi wa tatu. Benchi si sababu. Daktari aliandika sababu, niliisoma mara moja na inanitosha. Baada ya kilio, watu walipotawanyika, nilitembea kutoka kona mpaka veranda ya kituo nikihesabu. Ni hatua mia mbili na kumi na mbili.

Jumanne hiyo, Stasio alikuwa anarudia habari ya orodha ya Lubumbashi pale mwanamke mmoja alipofika kwenye meza, miguu yake imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Alipiga makofi mawili taratibu, akakunja magoti kidogo, akatusalimia kama Waluba wanavyosalimia wakubwa, «Eyo vidye». Alisema jina lake ni Kapinga, ametoka Kabondo-Dianda, siku tatu njiani, nyingine juu ya baiskeli na nyingine kwa miguu. Amemleta binti yake Tshiala, mimba ya kwanza, mwezi wa nane, miguu imevimba. Muuguzi amewaambia wangoje. Alitaka kikombe kimoja cha kawa chenye sukari nyingi, si chake.

Kashe alisogea kumpisha.

– Ikala, mama. Mugeni njoo, mwenyeji apone.

– Aksanti, tata. Mutoto iko chini, ku tofali. Miye siwezi kuikala juu, yeye iko chini.

Alikuwa anangoja kawa ichemke. Macho yake yakapita kwenye mgongo wa benchi, mahali ambapo vanishi ya Stasio haikufunika vizuri herufi nyeupe. Alizisoma kwa kidole, moja moja: kituo cha afya, namba nne. Akatazama upande wa kituo. Bati lake linaonekana kutoka hapo.

– Batata, akasema kwa heshima ya mtoto kwa baba zake, hii benchi ni ya kule?

Kashe akamweleza, kwa heshima kabisa. Alitoa ile karatasi kwenye mfuko, akamwonyesha muhuri. Akamwambia kwamba tuko katika kuandika, na kwamba Alhamisi jambo litafika komini. Kapinga alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa mbele. Hakukasirika. Alitaka kuelewa, kama mgeni anayeuliza njia.

– Kuitosha kule, kuileta hapa, ilikuwa sahihi ya mukubwa. Nimesikia. Na kuirudisha, mutu akiibeba tu, ni nani atakataa?

Kashe aligeuza karatasi, akatafuta upande wa pili. Stasio alitazama saa. Sajini alihesabu kitu kwa vidole, akafika cha tatu akaacha. Mimi nilipitia ile orodha ya mistari tisa, jina kwa jina, nikimtafuta atakayekataa. Hakuwemo.

Mama Bibiche alimimina kawa. Ilikuwa ya mwisho. Aliinamisha birika mpaka likakohoa.

Nilikunja barua, nikaiweka mfukoni, nikasimama. Nikashika benchi upande wa kulia. Sajini akasimama, akashika wa kushoto. Stasio alikuwa bado amekaa katikati. Tulimngoja.

– Yee, akasema, na munibebe pamoja nayo?

Lakini alishuka, akachukua kikombe cha Kapinga ili yeye awe na mikono mitupu. Kapinga akashika katikati. Kashe alitufuata nyuma, mfuko wake mkononi, endapo mtu atauliza. Hakuna aliyeuliza. Pale pampu wanawake walisogeza ndoo zao tupite.

Tshiala alikuwa ameegemea ukuta wa veranda, miguu ameinyoosha. Tuliweka benchi karibu naye. Alilitazama, akatutazama sisi wazee wanne tuliokuwa tunahema, akauliza kwa sauti ndogo kama inaruhusiwa.

Nilisikia plastiki ya Kashe ikilia. Kisha nikasikia akiirudisha mfukoni.

– Ikala, mutoto, akasema.

Mama yake alimshika mkono, akamwinua, akamkalisha. Stasio akampa kawa. Mimi niliinama kuliondoa tofali, mtu asije akajikwaa. Tshiala alikuwa amelikalia tangu alfajiri. Bado lilikuwa na baridi.