Barrière Ndani ya Maini ya Bruno

Benchi letu liko konani, mtaa wa Mudzipela, mbele ya mtungi wa kahawa wa Mama Adeline, mahali ambapo watu hujua habari kabla hazijatokea. Mwaka huu bunduki zimenyamaza hapa Bunia, ila masikio yetu bado hayajaamini. Jumapili Bruno aliumwa jino. Katsuva, muuza sabuni aliyehamia kutoka Butembo, akampa vidonge vya kodeini vilivyombakia tangu alipoumia mgongo. Ndivyo tuishivyo hapa: dawa ikibaki, jirani hula. Bruno akalala asiamke, pumzi ikaja moja moja. Mama yake, Anastasie, akapiga kelele kwamba Katsuva ametia karuho, yaani sumu. Leo Bruno amerudi benchini mzima, Mungu ashukuriwe, na Katsuva amekaa pembeni kabisa kama mtu anayengoja kufukuzwa.

— Sasa docteur alisema nini? aliuliza Vital, dereva wa pikipiki tunayemwita Bila Frein, yaani bila breki.

— Alisema maini yangu iko tofauti, Bruno akajibu. Ile dawa, maini ndiyo inaigeuza, inakuwa kali. Maini ya Katsuva haigeuzi kitu, ndiyo maana hata mugongo haikupona. Yangu inageuza yote mara moja. Nilizaliwa vile, ilitoka kwa baba na mama.

— Iko barrière! alidakia Adolphe. Huyu tunamwita Profesa, kwa sababu alifukuzwa shule mbili. Maini iko barrière ya kuzuia barabara, kama ile ya Iga. Kwa Katsuva, askari amefunga kamba, anasinzia. Kwa Bruno, askari amelewa, malori yote inapita pamoja!

— Uongo, Profesa, alisema Vital. Ni maziwa. Bruno alikomaa na maziwa ya ng'ombe, dawa inateleza. Katsuva alikomaa na muhogo, dawa inanasa.

— Na mwenye anakula yote mbili?

— Huyo analala jicho moja. Haba na haba hujaza kibaba!

Methali ile haikuwa na kazi pale, lakini Vital akishaitoa hairudishi.

— Siye tuache maini, Bruno alisema. Katsuva, watu walikuwa na mawe mukononi. Weye ulikuja mbio mupaka hospitali na plaquette, ile pakiti ya vidonge, ukasema: mimi ndiye nilimupa, ni hii hapa. Docteur alisema bila ile plaquette hangejua anipige sindano gani. Aksanti, ndugu yangu. Niko muzima kwa sababu yako.

— Niliogopa sana, Katsuva akasema. Lakini midomo yako ilikuwa inageuka bleu.

Nasema kweli, nilitaka kulia.

Hapo akatokea Mama Anastasie, na kitenge chake cha kanisani. Benchini kwetu hakuwahi kufika hata siku moja.

— Kahawa imebaki kikombe moja tu, alisema Adeline.

Katsuva alisimama akakipokea. Kabla ya kumpa mama, akapiga funda moja kwanza mbele ya macho yetu. Ndiyo desturi tangu vita: anayekupa kinywaji huonja, ujue hakina kitu.

— Katsuva, mutoto yangu, mama akauliza, unaonja ya nini?

Mama Anastasie akakichukua kikombe, akanywa yote, akamsukuma Katsuva kidogo ili apate pa kukaa.