Mkalimani Aliyeambiwa Amekosea

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliokuja kutoka Chama cha Viziwi, nasimama hapa kama kaka mkubwa wa marehemu. Mjomba aliniomba wasifu huu uwe mfupi na uishie kwenye ugonjwa. "Funika kombe mwanaharamu apite," aliniambia. Shikamoo mjomba, lakini kombe hili nimelifunika wiki tano nzima na mwanaharamu bado amekaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1987, katika chumba namba tisa cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Mimi ni wa kwanza. Kitinda mimba wetu alizaliwa kiziwi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1995 hadi 2001, na sekondari hadi 2005. Shule ilimkataa mdogo wetu, basi jioni marehemu alimfundisha nyumbani kwa alama walizotunga wenyewe. Kila mtu mtaani alipewa alama yake. Mjomba alipewa kiganja kilichokunjwa, yaani mkono wa birika, na kwa miaka yote amekuwa akiiitikia kwa furaha akidhani ni heshima. Leo ndiyo anajua. Mwaka 2009 marehemu alipata stashahada ya ukalimani wa lugha ya alama.

Mwaka 2011 nilimtafutia kazi katika kituo cha televisheni ambako mimi ni fundi sauti. Ninyi mlimwona kwenye kile kidirisha cha pembeni. Alikuwa na sheria moja, kwamba mkalimani haongezi wala hapunguzi. Mtu akitukana, yeye anatafsiri tusi. Waziri mmoja alipiga chafya katikati ya hotuba, naye akaitafsiri.

Aliolewa tarehe 7 Desemba 2013 na shemeji yetu, fundi seremala. Shemeji alijifunza alama haraka, maana alipokuja kula kwetu yeye ndiye aliyekuwa hasikii kitu. Walijaliwa binti mmoja.

Hapa ndipo husomwa ugonjwa. Marehemu hakuwa mgonjwa. Tarehe 19 Agosti, saa nane mchana, tume ya uchaguzi ilikuwa inatangaza matokeo moja kwa moja kutoka ukumbini, na barabara zote za nje zilikuwa zimejaa waandamanaji. Kamishna mmoja alisimama akamwambia mwenyekiti, "Mimi siidhinishi hesabu ambayo sijaiona. Fomu za vituoni ziko wapi?" Mwenyekiti akasema, "Kateni sauti hapo." Sauti ikakatwa, nchi nzima ikabaki inatazama midomo.

Hakuna aliyekikumbuka kidirisha. Marehemu, aliyekuwa mle mle ukumbini akisikia kwa masikio yake, aliendelea kutafsiri dakika nne nzima, pamoja na hilo la kateni sauti. Nyumbani baba alikuwa anaipigapiga rimoti, na kitinda mimba ndiye aliyemwandikia kwenye daftari yote yaliyokuwa yanasemwa. Siku hiyo viziwi waliwapasha habari wenye masikio, na walioko barabarani wakajua cha kudai.

Marehemu alitolewa kwa mlango wa nyuma. Alikaa rumande siku sita, akarudi mikono imevimba na anakojoa damu. Tume ikatoa taarifa kwamba mkalimani "alitafsiri yasiyosemwa", na kituo kikamfukuza kazi kwa barua ya mistari mitatu. Daktari alisema ni figo. Mimi nasema alipigwa, na kile kipigo alikivumilia kuliko ile barua. Alitaka kitu kimoja tu, mtu aliyesikia aseme kwamba hakukosea. Kila nilipokwenda hospitali aliniuliza, "Kaka, si ulikuwa umevaa hedifoni? Hukusikia?" Nikawa namjibu, "Pona kwanza, tutaongea." Alifariki tarehe 23 Septemba, saa nne asubuhi, na hatukuwahi kuongea.

Mnaoulizana nani alikata sauti, ni mimi. Niliambiwa kata, nikakata. Lakini hedifoni zangu hazikukatika, na nilisikia kila neno. Marehemu hakuongeza wala hakupunguza. Nilijua hivyo taarifa ya tume iliposomwa, nilijua alipokuwa rumande, na nilijua nilipokuwa nimekaa kando ya kitanda chake nikimmenyea chungwa. Nilinyamaza kwa sababu naipenda kazi yangu na niliogopa. Naona aibu, na sitaki mtu anipe pole.

Marehemu ameacha mume, baba, kaka na mdogo wake, pamoja na binti wa miaka tisa ambaye shuleni wanamwita mtoto wa mwongo. Mwanangu, simama watu wakuone. Mama yako hakukosea hata neno moja. Mungu ampe amani ambayo mimi, kaka yake, nilimnyima.